Dia Mwenye Kovu

Mkunga alipostaafu aliapa kwamba sasa atakula raha mpaka raha imchoke. Kwa miaka thelathini na mbili alikuwa amewapokea watoto wa watu, leo zamu ya usiku, kesho ya mchana, na yeye na mumewe walikuwa wakipishana mlangoni, huyu anaingia, yule anatoka. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili akachoka kulala, akafunga chakula cha mchana kwenye kitambaa, akamfuata mumewe dukani kwake. Huko ndiko alikoyakuta ya kuyakuta.

"Karibu, dia," mumewe, fundi cherehani, alikuwa akimwambia mwalimu mmoja mnene aliyefuata sketi yake.

Mkunga akaganda mlangoni. Dia! Neno hilo lilikuwa lake. Fundi alilianza kwenye barua ya kwanza ya uchumba, kijana asiyejua Kiingereza kingine zaidi ya hicho, na tangu siku hiyo hakumwita kitu kingine. Manesi wenzake walikuwa wakimtania wodini kila fundi alipokuja kumchukua: "Toka huko, dia wako amefika!" Naye hujifanya kukasirika, na moyoni anameremeta. Yeye mwenyewe hakuwahi kumrudishia neno hilo. Alimwita fundi, basi.

"Karibu na wewe, dia," fundi akamwambia alipomwona. "Kaa hapo kwenye benchi, nakuja kukuhudumia."

Alidhani anataniwa, akakaa. Ulimi umeteleza, alijiambia. Hata hivyo akaanza kuhesabu, na kabla ya saa sita madia walishafika tisa. Wa tisa alikuwa askari magereza mwenye ndevu za kutisha, aliyeleta suruali ipunguzwe. "Njoo ujaribu Alhamisi, dia," fundi alimwambia, na askari wa watu akaitikia vizuri tu, kama mtu aliyeshazoea.

Mkunga hakuvumilia. Alisogea pembeni alipokaa wifi yake, dada wa fundi, aliyekuwa akishona vifungo.

"Wifi, hivi kaka yako ana wake wangapi?"

"Hee! Tulia, wifi. Hilo ni neno la biashara, kama karibu tena."

"Na langu mimi pia la biashara?"

"Lako la chumbani. Sukari si ni ile ile? Wengine wanatia kwenye chai, wengine kwenye uji."

"Mimi sikuolewa niwe uji wa kugawia wapita njia!"

Wifi alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Akainama kuitafuta, na alipoinuka kicheko kilikuwa kimekwisha. "Lakini kweli, alianza mwaka jana tu," alisema. "Zamani aliwaita watu kwa majina yao."

Hilo halikuwa na ubishi. Mafundi wenzake walimpa jina la Kabati, kwa sababu hakuwahi kuandika kipimo. Alipitisha futi mabegani, kiunoni, miguuni, akavifungia vyote kichwani, na baada ya miaka mitatu angekwambia umenenepa wapi na kwa inchi ngapi. Sasa mezani, kando ya mkasi, palikuwa na daftari.

Mkunga akalitazama kwa jicho la hasira. Kabati na daftari wapi na wapi? Lazima ni la hao madia wake, mmoja mmoja. Fundi alipoingia nyuma ya pazia kumjaribisha mteja shati, alilinyakua bila aibu yoyote, akafungua.

"Dia mnene, mwalimu, anacheka kwa sauti. Kiuno arobaini na mbili. Sketi ya bluu."

"Dia mwenye ndevu. Askari. Suruali, punguza inchi mbili. Alinisimulia habari ya mwanawe, usimuulize tena."

Mkunga nusura acheke. Kisha akafunua ukurasa mwingine.

"Dia wa vifungo, anakaa pembeni. Ni dada yangu."

Aliusoma mstari huo mara tatu. Hakutaka kufunua tena. Akafunua.

"Dia mwenye kovu la pasi kwenye kiwiko. Mabega kumi na tano. Anaingia nyumbani kila siku, ana ufunguo wake. Usimuulize yeye ni nani, atalia. Ni mke wangu."

Maneno mawili ya mwisho yalipigiwa mstari chini, na kalamu ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Daftari likamponyoka, likaanguka chini. Hasira ikamtoka yote, na alitamani irudi, maana wivu ungekuwa mzigo mwepesi. Mganga hajigangi, wanasema, na leo aliliona kwa macho yake. Miaka yote hiyo alisoma maumivu kwenye nyuso za wanawake kabla hawajafungua kinywa, na nyumbani kwake alisikia dia, akaona ameshapendwa, akaenda kulala.

Pazia likafunguka. Fundi alitoka, futi shingoni, akamwona mwanamke amesimama kando ya meza. Akampa tabasamu lile lile alilompa askari.

"Karibu, dia. Nikupime?"

Wifi aliinamia vifungo vyake, akikaza macho asilie. Mkunga akajitazama: siku hiyo alivaa gauni la mikono mirefu. Akafungua kifungo, akakunja mkono wa gauni taratibu mpaka juu ya kiwiko.

"Nipime," alisema.

Fundi akashika mkono, akaanzisha futi begani. Akashuka nayo polepole, kama fundi mzuri anavyoshuka, mpaka kidole kikagusa pale ngozi ilipojikunja. Kidole kikasimama. Futi ikamteleza, ikaanguka juu ya daftari.

"Pasi ya makaa," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuunguza mimi. Chumba chetu cha kwanza. Nilikuomba radhi?"

"Uliniomba, dia," mkunga alimjibu. "Uliniomba sana."