Tano Nukta Nne

Mimi sikuzaliwa mwongo. Uongo nimejifunzia kwenye simu, kwenye kundi la wenye kisukari, na walimu wangu ni watu mia mbili na kumi nisiowajua hata sura.

Sheria yao ni moja: asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni, unapima sukari, unapiga picha kimashine, unaituma kundini. Namba ikiwa nzuri, unapigiwa makofi mpaka unaona haya. Ikiwa mbaya, utajuta kuamka. Siku niliyotuma kumi na tatu niliitwa mlafi, na msimamizi wetu, tunayemwita Kamanda, akanirushia mdalasini, mbegu za papai na maji ya bamia kwa mpigo. Siku ya tano nukta nne niliitwa malkia.

Nashona sare za shule chumbani kwangu. Mume wangu alishatangulia, binti yangu kaolewa mbali, na kuna siku sauti pekee ninayoisikia ni ya cherehani. Sasa mtu kapewa umalkia, auache hivihivi? Ile picha ya tano nukta nne nikawa naituma tena, mwanzo mara moja moja, kisha kila siku. Wananiamkia, wananiombea, wananiuliza siri yangu. Nawajibu ni mboga za majani. Na kweli nilizipika, nikazipiga picha kwenye sahani, halafu nikala mkate na chai tamu, maana mboga za kula peke yako hazimezeki. Kupima niliacha kabisa.

Sindano ya kushonea iliyoanguka ilinichoma kidole cha mguu, sikusikia kitu, niliona damu tu. Baada ya wiki mbili kilikuwa cheusi pembeni, kinanuka. Nikakifunga kwa kipande cha kitambaa cha sare, nikatuma tano nukta nne, nikapigiwa makofi.

Asubuhi hiyohiyo mtu mmoja akaniandikia pembeni. Kundini anaitwa Dereva. Ni mstaafu wa malori, si msemaji.

"Dada, kimashine chako kinaonyesha tarehe ya miezi mitatu iliyopita," aliandika. "Niliiona zamani, nikanyamaza nisikuaibishe. Leo pima, uniambie mimi tu."

Nilipandwa na hasira jamani. Nikamwita mbea, nikamwambia ashughulike na sukari yake. Kisha nikakaa kitandani nikalia, maana katika watu wote wale, ni yeye tu aliyekuwa ameiangalia picha yangu.

Nikapima. Ishirini na mbili. Nikamwandikia namba, na habari ya kidole nikamwandikia.

Alipiga simu papo hapo. Mdalasini hakuutaja. Aliuliza nina nani wa kunipeleka hospitali, nikamwambia nina cherehani. Akaniambia nivae ndala, nifunge mlango, na simu nisikate. Nilichechemea njia nzima nayo sikioni, namsikia tu akikohoa.

Muuguzi alifungua kitambaa, akaita daktari. Daktari hakuzunguka: kidole kinakatwa leo, tuombe mguu ubaki. Muuguzi akavuta fomu.

"Umekuja na nani, mama?"

Nikatazama simu. Bado ilikuwa hewani.

"Na kaka yangu."

"Anaitwa nani?"

Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi. Nikarudisha simu sikioni, nikamuuliza.