Mkwe Aliyesomea Maji

Asubuhi ya posa Kezia alifungua kopo la majani ya chai akakuta tupu. Akafungua la sukari, akakuta sisimizi watatu. Wiki mbili nzima alikuwa ameyaficha makopo yale nyuma ya gunia la maharage kwa ajili ya siku hiyo. Jana yake, alipokwenda shambani, mumewe Pasikali alikaribisha wazee tisa wa kamati ya ujenzi wa kanisa, akayatafuta makopo kwa bidii ambayo hajawahi kuipa jembe, akayapata.

"Walikuwa wageni wa Mungu," Pasikali alijitetea.

"Na hawa wa leo ni wa nani?"

Pasikali alikwenda kufagia uwanja. Kasulu ya mwaka ule wa 1996 ukitaka sukari ulikwenda kwa Gharibu, na lori la Gharibu lilikuwa limekwama kwenye tope njia ya Kigoma, siku ya nne sasa. Majirani wote walikuwa wakinywa uji. Mchaichai wa nyuma ya jiko, mbuzi walikwisha kuumaliza.

Kuku alikuwepo na unga ulikuwepo, lakini mgeni wa posa hupokewa kwa chai, na mshenga aliyekuwa anakuja alijulikana. Huyo alikuwa mzee Havyarimana wa Kibondo, baba mdogo wa kijana. Mwaka juzi alivunja posa huko Buhigwe kwa sababu chai ilinuka moshi. Alisema nyumba isiyojua kuchemsha maji haiwezi kulea mke, akachukua kofia yake akaondoka.

Na Maximilla, binti wa Kezia, alikuwa amemngoja kijana huyo miaka mitano, tangu anakwenda China kusoma hadi anarudi. Katika kungoja huko alikataa mwalimu mmoja, mwuza mitumba mmoja, na mgane mmoja mwenye ng'ombe. Posa hii ikivunjika, hao hawatarudi, na ng'ombe nao hawatarudi. Kezia alimtazama binti yake anavyopiga pasi gauni akaona uchungu.

Alichemsha maji akayajaza kwenye chupa ya chai yenye maua, akijipa moyo kwamba lori linaweza kutokea. Hakikutokea kitu. Waliotokea ni wageni, tena mapema. Kezia akakimbilia nyuma kuomba kwa jirani wa mwisho, na Pasikali akaingia jikoni. Katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kuona mkewe akishindwa na jambo. Aliiona chupa, akajua mambo yametengenea, akaibeba mpaka sebuleni na kuwamiminia wageni bila kutazama.

Kezia alirudi mikono mitupu, akasimama mlangoni. Mzee Havyarimana alikuwa ameinamia kikombe chake. Vilikuwa vikombe vya bati vyeupe, na chini ya kila kimoja kulichorwa samaki mwekundu.

"Mzee mwenzangu," alisema Havyarimana, "mimi namwona samaki."

Pasikali naye akachungulia chake. "Hata mimi," alisema.

Havyarimana aliangalia kofia yake. Kezia alitamani ardhi impasukie. Hapo ndipo Tharsisi, yule kijana, alipokishika kikombe chake kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa, akafumba macho.

"Yoo! Mama," alisema, "nani amekwambia?"

"Ameniambia nini, baba?"

"Kwamba China mgeni wa heshima hupewa maji ya moto matupu. Hayatiwi jani, hayatiwi sukari. Profesa wangu kule Wuhan, siku ya kwanza aliyonikaribisha kwake, alinipa haya haya. Tangu nirudi sijayapata. Nikiomba Kibondo, wananiuliza kama naumwa tumbo."

Havyarimana aliondoa macho kwenye kofia. "Profesa mzima?"

"Mzima. Watu wa kule ndivyo walivyo, baba. Wiki ya kwanza kila mtu alikuwa ananiuliza, 'Umekula?' Nami najibu, 'Bado,' kisha nasimama kungoja sahani. Wanakwenda zao. Nikasema hawa ni wachoyo wa ajabu, wanakuuliza njaa yako halafu wanaondoka nayo. Mwezi wa pili ndipo nikaambiwa ile ni salamu tu, kama sisi tunavyosema mwakeye."

Pasikali alicheka mpaka akakohoa. Havyarimana hakucheka. Alikuwa anafikiri, maana hakuwa tayari kupitwa na profesa katika mambo ya heshima. Alikunywa kikombe chake hadi akabaki yeye na samaki.

"Yanasafisha kifua," alitangaza. "Halafu kijana wetu amesomea uhandisi wa maji. Mmefikiri. Niongezeeni."

Posa ikapita. Harusi ilifungwa Agosti, na Maximilla akahamia Kibondo. Tangu siku hiyo, kila Tharsisi alipokuja ukweni, Kezia alimletea maji ya moto kwenye kikombe cha samaki, pomoni. Wengine walikunywa chai ya maziwa. Tharsisi alimaliza yake, akasema asante, na Kezia akamwongezea. Mzee Havyarimana naye aliianza heshima hiyo nyumbani kwake, na wageni wake wakapungua.

Mwaka uliofuata Maximilla alirudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Alikuja na barua alizoandikiwa na Tharsisi kutoka China, kwenye bahasha moja kubwa. Siku moja alichagua moja amsomee mama acheke.

"'Mpenzi Maximilla,'" alisoma, "'hapa salama, isipokuwa maji. Kila niendako wananipa maji ya moto matupu, kama mzazi wa jana. Asubuhi maji, jioni maji, hata kwenye joto la Julai. Nakunywa kwa adabu tu. Nikirudi nyumbani nitakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari, na maji haya sitaki kuyaona tena mpaka nizikwe.'"

"Aliandika lini hiyo?"

"Tisini na mbili."

Kezia hakucheka. Alihesabu safari: kumi na moja, kila safari vikombe viwili. Alikaa kitandani karibu na binti yake. Aibu ilimshika kwanza, kisha akampenda mkwe wake kwa namna ambayo hakuwahi kumpenda mtu ambaye hakumzaa mwenyewe, akalia hadi Maximilla akaogopa.

Jumapili Tharsisi alifika kumtazama mkewe. Mvua ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi, na ndoo zote uwanjani zilikuwa zinafurika. Kezia alimletea kikombe chake. Tharsisi alichungulia ndani, asimwone samaki. Ilikuwa chai ya maziwa, vijiko vinne.

"Mama," aliuliza taratibu, "leo hakuna maji?"

"Yamekwisha, mwanangu," alisema Kezia. "Kunywa hiyo hiyo."

Tharsisi alimtazama, akatazama mvua. Alikunywa vikombe vitatu.