Amplifaya Mbalizi, Spika Ipogolo

Ukoo wetu uliigawa amplifaya ya baba kama watu wanavyogawana mbuzi. Kikao cha mirathi kilikaa Kilolo baada ya msiba kwisha, mwenyekiti akiwa baba mdogo Fanueli, mtu wa haki kupita kiasi. Kaka yangu Didas aliitaka amplifaya. Mdogo wangu Aroni naye aliitaka hiyo hiyo. Baba mdogo akaizunguka, akaikagua, akagundua kwamba ni vipande viwili: sanduku la chuma lenye mitambo na taa zake za kioo, na sanduku la mbao lenye spika, katikati waya ya kuchomeka na kuchomoa. Uso wake ukang'aa. Didas akapewa la chuma, akaondoka nalo kwenda kwake Mbalizi. Aroni akapewa la mbao, akateremka nalo Ipogolo. Kila mtu na haki yake.

Mimi Eveline, mtoto wa katikati, fundi redio, niliyemshikia baba tochi wakati anaiunganisha waya kwa waya, nilipewa masufuria. "Wewe utaolewa," baba mdogo akasema. Jamani! Kuolewa nimeshaolewa, nikaachika, na masufuria ninayo. Niliyapokea kwa sababu mama alikuwa ananitazama.

Tangu siku ile Didas na Aroni hawakusemezana. Aroni aliiunganisha spika ya baba na redio ya gari kwenye baa yake, ikawa inakoroma kutwa. Didas aliliweka sanduku lake la chuma kwenye kabati la sebuleni, pembeni ya vikombe vya wageni.

Mwaka ulipokaribia kutimia, mama akanipigia simu. Jumapili ijayo ni ibada ya kumbukumbu ya baba, kanisani Kilolo. Baba aliipigia kwaya ya pale gitaa mpaka vidole vikamkataa.

"Nataka niisikie ile sauti yake, Eve. Mara moja tu," mama akasema. "Halafu wagombane wanavyotaka."

Nilimwambia ataisikia, nikampigia Didas alete amplifaya. Kesho yake Didas akashuka kwenye basi la Mbeya, amplifaya ameipakata, ameifunga kwa khanga ya mkewe. Akaitua mezani kwangu, hapa dukani Iringa mjini.

"Imekufa," akasema. "Imekufa yenyewe."

Nilifungua skrubu za nyuma. Harufu ya kuungua ikanijibu kabla yake.

"Kaka, uliiwasha bila spika."

"Niliiwasha tu, mgeni aone taa zinavyowaka."

"Na gitaa hukupiga?"

"Nilipiga kidogo."

Kidogo! Amplifaya za taa si kama hizi za siku hizi. Kuna transfoma ya mwisho, inayopokea nguvu kutoka kwenye taa na kuipeleka kwenye spika. Ukiondoa spika, ile nguvu haina pa kwenda, inarudi kuitafuna transfoma yenyewe. Hii ilikuwa imetafunwa. Shaba yote nyeusi. Niliyasema yote haya kwa sauti kubwa hata wateja wawili waliokuwa mlangoni wakaona ni heri warudi baadaye. Didas akakaa kwenye kreti ya soda.

Kwanza nilimwaga umeme uliobaki kwenye kapasita, maana ule unaua hata kama plagi imechomolewa. Nikaing'oa transfoma, nikaifumua, nikahesabu mizunguko ya baba, nikaanza kuisuka upya kwa waya mpya. Kazi ya kusuka haina haraka. Unazungusha, unaweka karatasi, unazungusha. Didas alinitazama mpaka akachoka, kisha akauliza itaisha lini.

"Itaisha. Ila siijaribu bila spika ya baba. Mpigie Aroni ailete."

Spika yoyote ya kiasi kile ingefaa, na kule stoo ninazo. Sikumwambia. Alitoka nje na simu, akatembea mpaka kona na kurudi, akatembea tena. Sijui alitumia maneno gani, lakini Alhamisi Aroni alifika na sanduku la mbao juu ya bajaji, amenuna, akanisalimia mimi peke yangu. "Kamwene, dada." Akakaa kwenye kreti ya pili, mgongo kwa kaka yake.

Nilimalizia waya za transfoma mbele yao. Mbili, ya bluu na ya kahawia, kila moja kwenye taa yake. Upande wa pili, moja kwenye bodi, nyingine kwenye matundu ya jeki nyuma, pale inapochomekwa waya ya spika. Nikachomeka, nikawasha. Taa zikashika wekundu. Kisha ikapiga yowe! Yowe la nguruwe anayeshikwa. Aroni akaruka mpaka barabarani.

"Umeiua kabisa," Didas akasema.

Nikazima. Nilikuwa nimebadilishana bluu na kahawia, basi. Ukizikosea hizo, sauti inayorudishwa nyuma kuituliza amplifaya inageuka kuichochea. Nilizigeuza huku nimeuma meno, maana hakuna anayependa kukosea mbele ya kaka zake, na yule mdogo nilimwogesha mwenyewe. Nikawasha tena. Safari hii ikanguruma chini chini, ikatulia.

Nikachukua gitaa la mteja, nikapiga ule utangulizi ambao baba alikuwa akiupiga kila Jumapili kabla ya kwaya kusimama. Sauti ikatoka vilevile. Nene, na ukwaruzo kidogo mwishoni, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Nilijua kwamba sitaki kitu kingine chochote katika mali ya baba.

"Hapo umekosea," Didas akasema polepole. "Baba alikuwa anashuka."

"Hajakosea, kaka. Alikuwa anashuka mara ya pili," Aroni akasema.

Walikuwa wameshasemezana kabla hawajakumbuka kwamba hawasemezani. Nikafikiri yamekwisha. Wapi! Didas akaanza kuikunja ile khanga.

"Ikitoka kanisani Jumapili, naondoka na changu."

"Na mimi nabeba changu," Aroni akasema. "Kikao kilishasema."

Hapo hasira zikanipanda. Nilizima, nikachomoa waya ya spika, nikageuza amplifaya, nikayeyusha risasi ya kulehemu kwenye matundu ya jeki na kuyang'oa yote mawili. Nikayatupa kwenye kopo la misumari. Waya ya spika nikaikata, ikabaki fupi. Ncha moja nikaichomea moja kwa moja kwenye transfoma, nyingine kwenye spika yenyewe, ndani ya sanduku, nikafunga skrubu zote. Hakuna tena pa kuchomoa. Kisha nikaweka koleo la kukatia mezani, katikati yao.

"Anayetaka chake, akate."

Didas alilitazama lile koleo. Aroni alilitazama. Nje muuza karanga alipita akiita, akaenda zake. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Jumapili walishuka kwenye gari uwanjani kwa kanisa, mmoja ameshika chuma, mwingine mbao, na kwa ile waya fupi ilibidi waende bega kwa bega, mguu kwa mguu. "Polepole, utaikata!" "Wewe ndiye unayekimbia!" Baba mdogo Fanueli aliwaangalia, akaangalia ile waya, akatafuta pa kugawia, hakupaona. Mama alisimama mlangoni, kiganja mdomoni. Didas alipopiga ule utangulizi, akashuka mara ya pili, mama alikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Jioni wakairudisha dukani kwangu, kwa sababu haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Wakasimama nayo mlangoni, wanatweta.

"Tuiweke wapi, dada?" Aroni akauliza.

Niligeukia ukutani kidogo, nikafuta macho. Halafu nikawaonyesha.