Nguo za Kulalia za Kifaranga

Kofi la kwanza lilipolia, fundi alikuwa anageuza kola ya shati. La pili lilipofuata, mguu wake ulikanyaga cherehani kwa nguvu, trrrr, kama ulivyozoea wiki mbili hizi. Alijua anachofanya. Cherehani ikinguruma, ukuta unakuwa mnene, na mtu anaweza kujidanganya kwamba mwanawe chumba cha pili anakung'uta godoro tu.

Mwanawe alikuwa mwashi. Mkwe wake alikuwa mpole wa maneno machache. Binti yao wa miaka minne wote walimwita Kifaranga, maana tangu azaliwe ngozi yake ilikuwa kama ya kifaranga asiyeota manyoya. Kitambaa kibaya kikimgusa, inavimba, inapasuka, inatoa maji. Ndiyo maana nguo zake zote za mchana alizishona fundi, bibi yake, za pamba tupu. Na bibi hachagui kitambaa kwa kiganja. Anakipitisha mdomoni, kisha ndani ya kiwiko, halafu anakifua mara tatu kabla ya kukikata. Lebo anaitoa, mishono anaiweka nje isimkwaruze mtoto, mpaka majirani wanamtania:

"Bibi, leo tena umemvalisha mtoto nguo nje ndani?"

"Kwenu nje ndani. Kwake ndiyo sawasawa."

Lakini wiki mbili sasa Kifaranga alikuwa anaamka na damu chini ya kucha, na kila asubuhi mwashi alimlipisha mkewe damu ile.

"Umemfulia na sabuni gani wewe? Sema!"

"Ile ile ya Mama. Nimeshakwambia, baba Kifaranga, anawashwa akivaa zile nguo za kulalia ulizo—"

"Nilizonunua mimi? Yaani mimi ndiye namchuna mwanangu?"

Kikafuata kishindo ambacho cherehani haikuweza kukifunika: kichwa na ukuta. Kopo la vifungo likaruka kutoka kwenye rafu ya fundi, vifungo vikatawanyika sakafuni. Kifaranga akapiga ukelele mmoja, kisha kimya. Kimya kile ndicho kilichomtoa fundi kitini. Alichukua rula yake ndefu ya mbao, ile ya kupimia vitambaa, akasukuma mlango.

Mkwe alikuwa chini, amemfunika mtoto kwa mwili wake. Mdomo wake ulikuwa umepasuka, na jino lake moja liko kwenye sakafu, jeupe kama kifungo. Mwashi alisimama juu yao na mkanda, upande wa chuma ukining'inia. Fundi aliinua rula. Alimpiga kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mfupa ukalia ka! kama kijiti, mkanda ukaanguka. Akampiga tena juu ya sikio. Mwashi akaenda chini kwa magoti.

"Mama! Unanipiga mimi kwa ajili ya huyu?"

"Nimechelewa wiki mbili. Kaa hapo hapo."

Akainama, akamvua Kifaranga zile nguo: za waridi, zenye manyoya. Siku zilipoletwa mwashi alimwambia, "Gusa, Mama, laini kweli kweli," naye, na sare za shule zimemjaa mezani, aliitikia kwa kichwa tu. Hakuzipeleka mdomoni. Leo alizipeleka. Zilikuwa za moto, na jasho lote la mtoto limelala juu yake, hata tone halijanyonywa. Ndani, mshono ulikuwa mgumu kama waya.

"Lete mkono mzima," akamwambia mwashi.

Akachomoa uzi kwenye gauni lake mwenyewe la pamba, akatoa kiberiti mfukoni, akakiwasha. Uzi ukaungua na harufu ya karatasi, ukabaki jivu, akalipuliza likatoweka. Kisha akachomoa mkasi uliokuwa kiunoni mwake, akakata kipande cha ile nguo, akauweka sakafuni. Mwashi akakinga kiganja.

"Siyo hapo. Hicho kimekomaa kwa saruji, hakisikii kitu, na ndicho kilichokudanganya dukani." Akaugeuza mkono, ndani juu, pale penye mishipa.

Moto ulipokigusa, kitambaa kikajikunja, kikayeyuka, tone jeusi linalowaka likadondoka na kung'ang'ania ngozi. Mwashi akalia kama mnyama. Fundi hakumwachia mpaka tone likawa gumu kama kokoto.

"Plastiki. Hiyo ndiyo uliyomlaza nayo mwanao, halafu ukamng'oa mama yake jino."

"Sikujua, Mama. Wallahi sikujua."

"Nguo hukujua. Ngumi je? Toka. Nyumba hii nimeijenga kwa sindano, na leo naipunguza mtu mmoja."

Mwashi aliinuka, uso umemvimba, akakunja ngumi iliyobaki. Ndipo nyuma ya fundi mkwe naye akasimama, damu ikimtiririka kidevuni, mkononi ana ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, aliouokota sakafuni.  Mwashi aliutazama, akatoka kinyumenyume. Fundi akafunga komeo.

Nje alianza kupiga mlango kwa mateke na kumtukana mama aliyemzaa. Fundi alitoa shuka kuukuu la pamba, akalipitisha mdomoni, akachana kipande na kumpa mkwe azuie damu. Kilichobaki akamfunika Kifaranga.

Akaketi kwenye cherehani, akaweka mguu, kisha akautoa. Leo majirani wasikie. Akatunga uzi kwenye sindano ya mkono, akaanza nguo mpya ya kulalia, mishono nje.