Wa Elfu Mbili Mia Tano Ishirini na Moja

Mkata soli alilichua goti lake dawa mpaka chumba kizima kikanuka, kisha akawahi mazoezini uwanjani kabla ya wenzake wote. Miaka ishirini na tisa kwenye kiwanda cha viatu, mwezi ujao anastaafu, na onyesho hili la wafanyakazi ndilo la mwisho kwake. Kocha wa onyesho akapitisha kidole kwenye orodha, akamwambia hayumo.

Hakuwa na ubaya. Akijipepea kwa kofia, alimweleza kwamba onyesho linabadilisha mistari mara tisa: wawili wawili, watatu watatu, hivyo hivyo hadi kumi kumi. Namba ndogo kabisa inayokubali yote hayo bila kubakiza mtu ni elfu mbili mia tano na ishirini, na ameitafuta wiki nzima. Mkata soli siku ya kuandikishwa alikuwa mgonjwa. Akiingia, anaharibu.

Aliyemsemea alikuwa karani wa stoo, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mwenye mdomo. Alikuja na kipande cha boksi kilichojaa hesabu za chaki.

"Kocha, ukigawa kwa mbili anabaki mmoja. Kwa saba, mmoja. Kwa kumi, mmoja."

"Si ndiyo ninachokikataa?"

"Wangezidi wawili, ungepata tabu: mara hawabaki, mara wamebaki wote. Huyu habadiliki. Kila ukipanga, anabaki mmoja, na ni yeye yule."

Kocha akamshauri arudi akahesabu viatu.

Filimbi ikalia. Mkata soli alitaka kwenda kukaa jukwaani, lakini goti likamkazia hapo hapo alipokuwa, pembeni mwa mstari wa mbele. Watu wakaanza kukimbia. Siku zote mistari ilikuwa ikienda upogo, kwa sababu wa kwanza kufika hajui asimame wapi, na wengine wanamfuata na kosa lake. Leo wa kwanza alimwona mama amesimama, akajipanga begani kwake. Wengine wakajiunga. Mistari ikavunjwa, ikapangwa, ikavunjwa tena, mara tisa, na kila mara ikaanzia kwa mama aliyesimama, ikanyooka kama kamba.

Kocha akaja mbio. Mkata soli akalishika goti.

"Naondoka, mwanangu. Ni goti tu limenigomea."

Kocha akachuchumaa, akatoa chaki, akazungushia duara viatu vya mama.

"Mama, hata siku yenyewe ni hapa hapa. Ukisogea umetuua."

Karani alikuwa amefika na boksi lake. Alisema amemgawa shemeji yake pamoja na wenzake wote kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, akaendelea mpaka chaki ikamwishia, na hagawanyiki.

"Kaka yangu naye alijaribu miaka ishirini," akaongeza.

Mkata soli akamwambia afunge mdomo akamletee maji, maana yeye hana ruhusa ya kutoka.