Kitana Kilichoota Nywele

Asubuhi ya Jumatatu mtunza ghala la urithi alishuka orofa ya chini ya maktaba ya chuo kikuu, akawasha taa, akasoma kipimo cha unyevu ukutani, akavaa glavu za pamba na kushusha sanduku la vitana. Ilikuwa zamu ya vitana kukaguliwa. Kila kimoja kilikuwa kimelazwa kwenye karatasi laini, na kimoja, cha mti mweusi, chenye jino moja lililovunjika, kilikuwa kimeota nywele.

Hazikuwa nyingi. Zilikuwa nyeusi, za kipilipili, urefu wa kidole, nazo zilitoka kwenye mti wenyewe katikati ya meno. Mtunza ghala alifanya kama alivyofundishwa. Kitu cha mti kikionyesha dalili ya kuota chochote, iwe kuvu au wadudu, hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kutiwa kwenye friza wiki mbili. Alikifunga, akakitia, akaendelea na vitana vingine.

Alipokitoa, nywele zilikuwa zimefika urefu wa kiganja. Akamwita Gundi, fundi wa kujalidi vitabu, ambaye jina lake halisi lilikuwa linajulikana na ofisi ya mishahara tu. Gundi alizitazama huku akijifuta vidole.

"Hizi zinataka mafuta," alisema.

"Mafuta hayaruhusiwi ghalani."

"Basi zisuke. Ukiziacha hivyo zitafungamana, utakuja kulia."

Mtunza ghala akazisuka saa ya chakula cha mchana, na glavu zake mkononi, mistari ikaenda upogo. Zilizidi kukua. Kila wiki alizifumua na kuzisuka upya, na hakuna aliyemwambia kitu, maana wakubwa huwa hawashuki kule chini.

Kadi ya kitana iliandikwa: "Kitana. Mti. Zawadi ya wenyeji." Mtunza ghala hakuridhika nayo. Na hapa pasemwe wazi: chuo kile kilikuwa na watu wa aina mbili, wanaotafiti na wanaowashushia watafiti vitu kutoka rafuni. Mtunza ghala alikuwa na shahada mbili, lakini alihesabiwa kwenye kundi la pili. Akiomba ruhusa ya siku moja akaulizie habari za kitu, aliulizwa yeye ghala litabaki na nani. Kwa hiyo utafiti wake wote aliufanya saa ya chakula, na njaa yake, na nauli yake.

Alikwenda saluni iliyo nyuma ya chuo, akamwonyesha msusi picha kwenye simu.

"Nani kasuka vibaya hivi?" msusi aliuliza.

"Mimi. Namtafuta mwenye nywele."

"Ziko kichwani kwa nani?"

"Ziko kwenye kitana."

Msusi alifikiri kidogo, mikono bado imo kwenye kichwa cha mteja. "Kama nywele hazina kichwa, tafuta kichwa kisicho na nywele," alisema. "Mtaa wa nyuma kuna nyumba ya mlango wa kijani. Sijawahi kumsuka mtu wa nyumba ile, wala mama yangu hakuwahi. Wanawake wake wote vipara, mama na mtoto. Tunawaita watu wa vilemba."

Nyuma ya mlango wa kijani aliishi fundi cherehani na mama yake, ajuza aliyeitwa Bibi na mtaa mzima. Mtunza ghala alipiga hodi, akakaribishwa kiti, akaeleza tangu mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye friza, fundi cherehani aliinua mguu kutoka kwenye pedali.

"Mama," alisema, "si wiki zile tulizolala na mablanketi kichwani?"

"Nilikwambia ile haikuwa baridi ya hewa," Bibi alijibu. "Nilikwambia kuna mtu."

Mtunza ghala aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Nisamehe, Bibi. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Hukujua, mwanangu. Ila usirudie. Meno yangu mwenyewe ni manne, na yote yaligonga."

Kisha Bibi akasimulia. Alikuwa mtoto mdogo, na mama yake alikuwa amekaa nje akichana nywele. Upande mmoja ulikuwa umechanwa, upande wa pili bado. Akaja bwana mmoja wa chuo, kavaa suti, akakisifu kitana, akakichomoa kichwani mwa mama.

"Alisema anakiazima mpaka jioni," Bibi alisema. "Mama akakaa palepale, kichwa nusu. Jioni ikafika. Ikafika ya kesho yake. Hakutaka kutumia kitana kingine, maana chake kilikuwa kinarudi. Mwisho nywele zilichoka kungoja, zikaondoka. Zangu zikafuata. Za huyu mwanangu hazikuja kabisa."

"Mimi nazitaka," fundi cherehani alisema bila kuinua macho. "Nisiseme uongo."

"Mimi sitaki nywele, umri huu za nini? Nataka kitana kirudi nyumbani kabla sijafa. Basi."

Mtunza ghala aliandika aliyoyapata, akampelekea Profesa, mkuu wa maktaba. Profesa alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama.

"Nani alikutuma kutafiti?" aliuliza. "Wewe kazi yako kutunza."

Lakini alisoma wa pili akiwa amekaa, na jioni hiyo alishuka ghalani kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo. Alizipima nywele kwa rula, akakata kishungi kwa mkasi wa ofisini, akakipeleka maabara. Mtaa wa nyuma, fundi cherehani alijishika utosi na kukosea mshono. Maabara ilizilinganisha na mate ya Bibi, ikajibu kwamba nywele zile ni za damu yake, bila shaka yoyote. Profesa akaipeleka habari hiyo kwenye mkutano wa wataalamu nchi za mbali, chini ya jina lake, akapigiwa makofi. Mwishoni mwa andiko lake palikuwa na mstari wa kuwashukuru watumishi wa maktaba. Gundi aliukata mstari huo, akaubandika juu ya birika la chai, ili watumishi wa maktaba wajue wameshukuriwa.

Mtunza ghala alijikaza. Alisema moyoni, jina achukue, mradi kitana kirudi.

Kamati ya chuo ikaitishwa kuamua kitana kirudi au kibaki, na Bibi na binti yake wakaitwa. Waliketishwa mwisho wa meza ndefu.

"Mna uthibitisho gani kwamba kitana ni chenu?" Profesa aliuliza.

Bibi akavua kilemba. Wajumbe walimtazama, na katibu akaandika kwamba Bibi amevua kilemba.

Profesa alikubali kwa upole kwamba nywele zilikuwa za ukoo huo, sayansi imeshasema. Kitana, hata hivyo, kiliingia chuoni kama zawadi. Na nywele, kwa kuwa zimeota juu ya mali ya chuo, kwa hewa ya chuo na matunzo ya chuo, nazo ni mali ya chuo.

"Alisema anaazima mpaka jioni," Bibi alisema.

"Jioni ya lini, Bibi? Ingekuwa imeandikwa, tungejua."

Hiyo ndiyo maktaba ambayo mwanafunzi akichelewesha kitabu siku moja kwa sababu amefiwa, anatozwa faini na kunyimwa matokeo ya mtihani. Watu wale walikaa kwenye viti vya kuzunguka na kumuuliza mwenye mali jioni ya lini. Kisha wakampa nafuu: familia inaweza kukiazima kitana, ikiwa nyumba yao ina chumba cha joto lisilobadilika, mlinzi na bima.

"Nyumba yangu haina hata dari," fundi cherehani alisema.

Mtunza ghala alisimama. Hakuwa ameruhusiwa kusema. "Kitana kimeibiwa," alisema. "Sote tunajua. Kimeibiwa, na tunakaa hapa kumtafutia mwizi maneno mazuri."

Profesa alimwomba katibu asiandike hilo. Mtunza ghala akapewa onyo, akarudishwa ghalani, na huko alikaa sakafuni katikati ya rafu, amejaa hasira, asijue aipeleke wapi. Funguo za ghala alikuwa nazo. Alijua pia kwamba kitana kikitoka, polisi watagonga mlango wa kijani kabla ya kugonga wake.

Siku hizi nywele zimejaza rafu nzima, na chuo kimenunua nyingine. Kila Alhamisi Bibi na binti yake wanaruhusiwa kuja, wanapewa glavu, wanazifumua na kuzisuka. Bibi huzipa habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama. Fundi cherehani husuka kimya, na wakati mwingine hujiwekea shungi moja kichwani, akajitazama kwenye kioo cha kabati, kisha akalirudisha. Wanafunzi hupitishwa na kuelezwa kuhusu ushirikiano wa chuo na jamii.

"Vua glavu, Bibi," mtunza ghala alimwambia siku moja kwa sauti ya chini. "Ni nywele zako."

"Watakufukuza. Halafu nani atazisuka wiki nikishindwa kuja?"

Wakitoka, mlinzi huwakagua, kwa kuwa ndiyo amri. Hupekua mkoba, hukung'uta shali, kisha huwaomba wavue vilemba. Bibi huinamisha kichwa chake kitupu chini ya taa, na mlinzi hukiangalia taratibu, hata nyuma ya masikio. Alhamisi iliyopita aliukuta unywele mmoja umemganda Bibi begani. Akauchukua kwa vidole viwili, akasema, "Samahani, Bibi, ni kazi tu," akamwita mtunza ghala. Mtunza ghala akavaa glavu, akaja, akaupokea, akaurudisha ndani.