Siku Baba Linda Alipokataa Kuapa

Mimi ni Mmethodisti wa kuzaliwa, lakini Jumamosi ile nilitamani kumpiga mume wangu na Biblia.

Jirani yetu Kobia alikuwa amesogeza mpaka kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mtaro, akajimegea nusu eka yangu ya viazi, hapa Kiirua. Miche ya mpaka huo waliipanda wawili, yeye na Baba Linda, na shahidi mwingine hakuna. Kwa hivyo Mzee Runji, mkubwa wa wazee wa ukoo, akaamua: kila mmoja ashike Biblia, aape, ndipo aseme.

"Mwalimu, anza wewe," akamwambia mume wangu.

"Mzee, nitasema kweli, lakini siapi."

Ala! Wazee wakaguna. Kobia akaruka, "Mnaona? Mwongo! Leteni Biblia, mimi naapa sasa hivi!"

Nikamvuta Baba Linda kando. Alipokuwa akifundisha Kaimosi alijiunga na Marafiki, wale Wakweka, na tangu hapo sina amani.

"Unataka tule mawe?"

"Mama Linda, Wakristo wa kwanza hawakuapa. Yakobo aliwakataza."

"Na Paulo je? Barua zake zimejaa 'Mungu ni shahidi wangu'! Isitoshe, hao watu wako wa kwanza walibatizana na kumega mkate. Nyinyi hata maji ya ubatizo hamgusi. Mnachagua yanayowapendeza tu!"

Akakuna kichwa. "Kwa Paulo umenishika. Lakini nikiapa leo, ni kama kukiri kwamba siku zingine huwa nasema uongo."

Nikamgeuzia mgongo kwa hasira, si kwa kukubali. Viazi vyangu ndiyo karo ya Linda.

Tukarudi. Kobia ameshaikumbatia Biblia. Baba Linda akaketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, akauliza taratibu, "Kobia, wewe ulichimba, mimi nikashika miche. Tulianzia wapi?"

Kisha akanyamaza, vile wanavyonyamaza kanisani kwao. Kobia akamtazama Mzee Runji ili aapishwe. Mzee akasema, "Umeulizwa. Jibu."

Kimya kikakaa hadi nikasikia mbuzi wa Mzee akitafuna. Nusura nipige kelele. Kobia akafuta jasho, akaiweka Biblia mezani.

"Kwenye jiwe," akasema. "Si kwenye mtaro. Kwenye jiwe."

Jiwe! Nusu eka yangu yote! Nikakaa chini hapo hapo kwa nyasi nikilia na kucheka. Mungu wangu, nilipumua kana kwamba sijapumua wiki nzima.

Mzee Runji akamgeukia Kobia. "Na ungeapa?"

"Ningeapa, Mzee," Kobia akasema, macho chini. "Kuapa nilikuwa nimejiandaa. Kuulizwa tu na rafiki yangu, sikuwa nimejiandaa."